Mteja Akidai Faili la Kazi

Wadogo zangu mnaoishi kwa kusanifu nembo, menyu na mabango, hili ndilo swali mnaloniletea bila kukoma: "Dada, mteja kashanilipa, nimemtumia PDF yake safi, sasa anataka na faili lenyewe la Illustrator ili awe anarekebisha mwenyewe. Nimpe?"

Mpe, kwa malipo. Ila bei hiyo awe ameijua tangu siku mlipokubaliana kazi. Bei inayotajwa baada ya kazi kuisha mteja huiona ni ujanja, hata kama ni ya haki kabisa. Ugomvi mwingi wa mafaili ninaousikia hautokani na ubahili wa mteja wala tamaa ya msanifu. Unatokana na kotesheni ya mstari mmoja, "Kudizaini menyu, 250,000", ambayo kila upande unaisoma unavyotaka.

Tuelewane kwanza tunazungumzia nini. Faili la kazi ni lile ulilolifanyia kazi wewe: la Illustrator, Photoshop, InDesign au CorelDRAW, lenye leya zake zote na maandishi yanayoharirika. PDF ya kuchapa, PNG ya WhatsApp na JPG ya Instagram ni matokeo yake. Aliyeshonewa gauni huondoka na gauni. Karatasi za mkato zinabaki kwa fundi, na hakuna anayedhani ameibiwa. Mteja wa bango au kipeperushi naye ndivyo alivyo, mpaka mkubaliane vingine.

Sasa tupige hesabu, kwa sababu wengi wenu mnataja bei ya faili kwa kubahatisha. Tuseme menyu ya mgahawa umeisanifu kwa shilingi 250,000. Mgahawa unabadilisha bei za vyakula mara nne kwa mwaka, na kila badiliko unalipwa 40,000. Kwa mwaka ni 160,000, kwa miaka miwili ni 320,000. Siku unapotoa faili la kazi, fedha hiyo unaiaga, kwani kijana wa stationari ataifanya kazi hiyo kwa elfu tano. Kwa maana hiyo faili linaweza kuwa na thamani kubwa kuliko kazi yenyewe ya mwanzo. Kwa kazi zinazojirudia kama menyu, kalenda, ripoti za mwaka na wasifu wa kampuni, mimi sioni aibu yoyote kutoza kiasi kilekile cha kazi ya awali, au hata zaidi. Kwa bango la tukio la siku moja, ambalo halitatumika tena, sehemu ndogo tu ya bei inatosha. Na kama mteja ni mwema na kazi imeisha kabisa, unaweza kumpa bure. Tofautisha, usiwe na bei moja kwa kila kitu.

Nembo ndiyo ninayoitenga, na hapa wengine hamtanipenda. Faili la vekta la nembo, yaani SVG, EPS au PDF ya vekta, mpe mteja ndani ya bei ileile, bila nyongeza. Atalihitaji kwenye fulana, kwenye mlango wa gari, kwenye bango la barabarani. JPG ikikuzwa hadi mita tatu inatoka vijisanduku, na watakaoiona watasema kampuni ile ni ya ovyo. Tena nembo ndiyo anayokwenda kuisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara Tanzania, kama alama ya biashara. Ukimuuzia nembo kisha ukamficha vekta, umemuuzia kazi nusu. Kama unaona bei yako ya nembo haitoshi kubeba mafaili hayo, pandisha bei ya nembo. Michoro ya majaribio aliyoikataa, hiyo ibaki kwako.

Suala la sheria nalo mnalisema kwa kujiamini mno. "Hakimiliki ni yangu, mimi ndiye niliyechora." Inategemea uko wapi na mmeandikiana nini. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inasema kazi iliyoagizwa na mtu, hakimiliki yake huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Uingereza ni kinyume: chini ya sheria yao ya 1988, msanifu anayejitegemea ndiye mwenye hakimiliki ya kwanza, na haihami bila maandishi yenye saini yake. Marekani nako, kwa sheria ya 1976, kazi ya kuagizwa haiwi ya mteja papo hapo ila kwa aina chache zilizotajwa, tena kwa maandishi. Kwa hiyo mdogo wangu wa Nairobi anayemsanifia mteja wa jijini humo na yule anayemsanifia mteja wa London wanaweza kuwa wamesimama mahali tofauti kabisa kwa kazi ileile. Ukipata kazi kupitia Upwork, masharti yao ya kawaida, pale msipoandikiana mengine, yanamfanya mteja kuwa mwenye kazi akishalipa. Fiverr wao wana mahali pa kuonyesha kama faili la kazi limo ndani ya kifurushi au ni la nyongeza, nami naupenda utaratibu huo kwa sababu mnunuzi anajua kabla hajatoa senti.

Ila kumiliki hakimiliki na kukabidhiwa faili la kazi ni mambo mawili. Mteja anaweza kuwa na haki ya kuitumia menyu yake atakavyo na bado mkataba wenu ukawa haukutaja kumkabidhi faili la InDesign. Yaandikeni yote mawili, kila moja kwa sentensi yake.

Kuna jambo wengi hawalikumbuki hadi limewaka: fonti na picha. Leseni ya fonti uliyonunua mara nyingi ni yako wewe, haikupi ruhusa ya kumgawia mteja. Fonti za Adobe Fonts mteja atazitumia kwa kujiunga mwenyewe. Picha za kununua nazo zina masharti yake. Ukiuza faili la kazi, ambatanisha orodha ya fonti na picha zilizomo, umwambie zipi anatakiwa kuzilipia. Usimfungashie folda nzima ya fonti kwa kumhurumia; unamwingiza kwenye kosa, nawe umo.

Kabla ya kutaja bei, muulize mteja analitakia nini faili. Majibu hayafanani. Wengi wana hofu tu: waliwahi kuwa na msanifu aliyeibiwa laptopu au aliyehama mji, wakaanza upya kila kitu. Huyo mwambie utalitunza faili lake sehemu mbili na kwa muda gani, na huenda asilitake tena. Mwingine anataka kubadilisha tarehe na picha za matangazo yake kila wiki. Huyo hana haja ya Photoshop asiyoijua. Mtengenezee kiolezo kwenye Canva, umuuzie kama kazi nyingine yenye bei yake. Kamati ya harusi inayotaka faili la kadi za mchango ili ibadilishe majina ya waalikwa inaweza kupewa PDF yenye nafasi wazi, basi. Na mashirika mara nyingi huandika kwenye hadidu za rejea kwamba mafaili yote ya kazi yakabidhiwe. Zisome kabla ya kupeleka bei, kwa sababu ukishasaini umeshayauza.

Ninachokuombeni msifanye ni kulishika faili mateka. Mteja amelipa yote mliyokubaliana, kazi yake inachapwa kesho, nawe unamwambia ongeza laki mbili la sivyo simu unazima. Huo ni unyang'anyi, na mji huu ni mdogo. Kama hamkuandikiana chochote na ubishi umeshaanza, tafuteni bei ya katikati, mpe faili, kisha rekebisha kotesheni yako kabla ya mteja anayefuata.

Maneno ya kuweka kwenye kotesheni ni haya, yachukueni bure: "Bei hii ni pamoja na PDF ya kuchapa na PNG ya mtandaoni. Kwa nembo, ni pamoja na mafaili ya vekta. Faili la kazi linaloharirika halimo. Likihitajika bei yake ni shilingi kadhaa, na hukabidhiwa baada ya malipo yote kukamilika. Fonti na picha zenye leseni mteja atazilipia mwenyewe. Mafaili yatatunzwa kwa miezi 12 tangu siku ya makabidhiano."

Na kwa yule aliyeniandikia akiwa na mteja anayesubiri jibu usiku huu, mtumie hivi: "Mheshimiwa, faili la kazi lipo na nimelitunza. Halikuwa kwenye makubaliano yetu, ila naweza kukukabidhi kwa shilingi 100,000 pamoja na orodha ya fonti. Ukipenda niendelee kukufanyia marekebisho mwenyewe, kila rekebisho ni 40,000. Niambie lipi linakufaa."