Modemu na Linux: Programu Ipi ya Kuunganisha Intaneti?

Kompyuta iliyozeeka inaweza kuwekewa mfumo wa Linux, usiotozwa ada ya leseni, na ikaendelea kufanya kazi. Tatizo huanza pale ambapo hakuna waya wa intaneti wala Wi-Fi, na kilichopo ni modemu ndogo ya USB yenye laini ya simu. Mkaazi anayesubiri kuwasilisha ritani za kodi kabla ya Juni 30 hana muda wa kubahatisha programu.

Aina ya modemu

Baadhi ya modemu hujiunganisha zenyewe. Kompyuta huziona kama kadi ya mtandao, na mipangilio hufanywa kwenye kivinjari. Hizo hazihitaji programu ya kupiga. Nyingine hupiga nambari, aghalabu *99#, kisha huwasiliana na mtandao kwa utaratibu uitwao PPP. Kwenye Linux kazi hiyo hufanywa na pppd. Programu nyingine huiongoza tu, na hapo ndipo penye uchaguzi.

Programu tatu za kulinganisha

NetworkManager huja tayari na Ubuntu na mifumo mingine mingi. Mtumiaji huchagua nchi, kampuni ya simu na jina la APN, kisha hubofya. Inamfaa mtu wa nyumbani na kituo chenye watumiaji wengi. Upungufu wake ni kwamba muunganisho ukikataa, haielezi sababu vya kutosha.

Wvdial hutumiwa kwa kuandika amri. Amri ya wvdialconf hutafuta modemu na kuandaa faili ya /etc/wvdial.conf, kisha mtumiaji hujaza nambari, jina na nenosiri. Inafaa kompyuta yenye nguvu ndogo. Kila hatua huonekana kwenye skrini, kwa hivyo ni rahisi kujua kama modemu haijatambuliwa au laini ndiyo iliyokataliwa. Hata hivyo, nenosiri huandikwa wazi ndani ya faili hiyo. Kwenye kompyuta ya pamoja, faili isomwe na msimamizi pekee.

Pppd yenyewe, bila msaidizi, ni ya fundi. Inaweza kuagizwa kupiga tena kila laini inapokatika, jambo linalofaa mashine isiyo na mtu wa kuiangalia. Kwa anayenunua bando, agizo hilo laweza kumaliza data bila yeye kujua.

Vitabu vya zamani husifu KPPP, lakini matoleo mengi mapya ya Linux hayana tena programu hiyo.

Kabla ya kuondoka mjini

Programu ya kuleta intaneti haiwezi kupakuliwa pasipo intaneti. Wvdial na usb-modeswitch zisakinishwe palipo na mtandao, au zibebwe kwenye flashi pamoja na faili zote zinazozitegemeza. Usb-modeswitch ni muhimu kwa sababu modemu nyingi, zikichomekwa mara ya kwanza, hujitambulisha kama diski ya CD badala ya modemu.

Kwa mkaazi wa kawaida, NetworkManager ndiyo ya kuanza nayo, na wvdial iwekwe kama akiba ya kutafutia hitilafu. Masasisho ya kujiendesha yazimwe wakati wa kutumia bando, na yafanywe palipo na Wi-Fi. Muunganisho ujaribiwe siku kadhaa kabla ya tarehe ya mwisho, wakati ambapo bado kuna nafasi ya kurekebisha.