Mwongozo kwa Mpiga Picha za Filamu: Ujuzi, Mkataba na Usalama

Mwongozo huu ni wa vijana wanaoingia katika kazi ya kamera na wale ambao tayari wanaitegemea kwa riziki. Kazi hii huwafaa wenye subira, na ili udumu ndani yake lazima ulinde ujuzi wako, haki yako na uhai wa wenzako.

1. Fundisha jicho kwanza

Roger Deakins, mpiga picha za filamu Mwingereza aliyezaliwa Torquay mwaka 1949, alikataliwa alipoomba nafasi katika Shule ya Taifa ya Filamu. Alitumia mwaka mzima kupiga picha za mnato za maisha ya vijijini Devon, akaomba tena, akapokelewa. Alianzia kwenye filamu za makala. Aliteuliwa kuwania Oscar mara ya kwanza mwaka 1995, kwa The Shawshank Redemption, na aliipata mwaka 2018, kwa Blade Runner 2049, katika uteuzi wake wa 14.

Usingoje kamera ya gharama. Kwa simu uliyo nayo, piga chumba kimoja asubuhi, adhuhuri na jioni, uchunguze mwanga unaingilia wapi na kivuli kinaangukia wapi.

2. Usiruke ngazi

Anza kama msaidizi: chaji betri, shika ubao wa teki, andika lebo za kadi. Usifute kadi yoyote kabla ya kuhakikisha kuwa picha zake zimehifadhiwa kwenye diski mbili tofauti. Kisha jifunze kulenga fokasi, kuendesha kamera na kupanga taa. Mkuu wa kamera asiyezijua kazi hizi hushindwa kuwaongoza wanaozifanya.

3. Jiandae kabla ya kurekodi

Soma muswada pamoja na mwongozaji. Kagua eneo saa ile ile mtakayorekodi. Kwetu karibu na ikweta jua hupanda upesi, na adhuhuri huwa utosini, hata macho ya mwigizaji yakazama kivulini. Panga matukio ya nje asubuhi au alasiri. Ikishindikana, tafuta kivuli au tandaza kitambaa cheupe cha kulainisha mwanga.

Hakikisha mtayarishaji ana kibali: Tanzania kutoka Bodi ya Filamu, Kenya kutoka Bodi ya Uainishaji wa Filamu. Mkataba uandikwe, utaje malipo na tarehe zake, saa za kazi, malipo ya ziada, na nani atalipia kifaa kikiharibika.

4. Linda uhai

Mwaka 1997 huko Marekani, Brent Hershman, msaidizi wa kamera, alisinzia akiendesha gari kurudi nyumbani baada ya kufanya kazi kwa saa 19, akafa. Haskell Wexler, mpiga picha mwenye Oscar mbili, alitengeneza filamu ya makala ya Who Needs Sleep? kupinga saa hizo za kuua. Oktoba 2021, Halyna Hutchins, mpiga picha mkuu wa filamu ya Rust, aliuawa kwa risasi halisi New Mexico wakati wa maandalizi ya tukio.

Kwa hiyo:
- Kataa kurekodi relini au barabarani bila kibali na ulinzi.
- Risasi halisi zisifike kabisa eneo la kazi.
- Aliyechoka asiendeshe gari. Mtayarishaji alipie usafiri au malazi.
- Mkuu wa kamera akiona hatari, asimamishe kazi mara moja.

Tukio lililokosekana leo hurekodiwa kesho. Ndugu mpiga picha, usiruhusu fremu yoyote igharimu maisha ya mtu.