Somo la Mahindi na Sumu ya Kuvu

Kwa wakulima wa Masisi na Walikale, na kwa wote wanaopeleka vyakula kwenye machimbo

Ninyi mnaolima mahindi katika milima ya Masisi, nanyi mnaoyanunua katika misitu ya Walikale, someni maneno haya pole pole. Mahindi yana adui asiye na miguu wala mabawa. Adui huyo ni kuvu. Kuvu hula mahindi, kisha huacha sumu ndani yake. Mmea hupigana na sumu hiyo, lakini hupigana kwa ajili ya nafsi yake, si kwa ajili ya mtu atakayeula. Jambo hilo ndilo la kushika katika somo hili.

1. Adui na silaha yake

Mahali pa baridi na mvua nyingi, kama milima ya Masisi, kuna kuvu iitwayo Fuzariamu. Mvua ikinyesha siku nyingi wakati mahindi yanapotoa ndevu, kuvu hupita katika ndevu hizo na kuingia ndani. Ukimenya hindi, utaona ncha yake imekuwa nyekundu-nyekundu.

Kuvu hiyo hutoa sumu iitwayo deoksinivalenoli. Mwili wa mmea umejengwa kwa chembe nyingi ndogo zisizoonekana kwa macho. Ndani ya kila chembe mna mahali pa kutengenezea vitu vya kuujenga mwili. Sumu huziba mahali hapo, kama mtu azibaye mlango wa jiko. Chembe hudhoofika na kufa, na kuvu hula mabaki yake.

2. Jinsi mmea unavyojitetea

Mfikirini mchungaji aliye na fahali mkali. Hamuui, bali humfunga kamba na kumtia zizini. Mahindi, ngano na shayiri hufanya vivyo hivyo. Ndani ya chembe mna mafundi wadogo waitwao vimeng'enya. Fundi huchukua kipande cha sukari na kukibandika juu ya sumu. Sumu iliyofungwa na sukari haiwezi tena kuziba mahali pa kazi. Kisha mmea huiweka katika mfuko mdogo ndani ya chembe, mbali na kazi zake.

Mwaka 2003 wataalamu wa Austria walieleza kimeng'enya kimoja cha namna hiyo katika mmea mdogo. Mwaka 2005 ilionyeshwa kwamba sumu iliyofungwa na sukari imo ndani ya ngano iliyoota mashambani. Mmea wenye mafundi hodari huumia kidogo kuliko wenzake.

3. Msidanganyike

Kwanza, kumfunga fahali si kumwua. Mtu au nguruwe akila nafaka yenye sumu iliyofungwa, vijidudu vya matumboni huikata ile sukari, na sumu huwa huru tena. Nguruwe hukataa chakula au hutapika. Mtu naye huweza kuumwa tumbo na kutapika.

Pili, kazi hii ni ya mmea ulio hai shambani. Punje iliyovunwa na kutiwa ndani ya gunia haina tena nguvu ya kujitetea. Ikiwa na maji, kuvu huendelea kuila humo humo.

Tatu, iko kuvu nyingine ipendayo joto, nayo huleta hatari kubwa katika nchi ya chini ya Walikale. Rangi yake ni ya manjano na kijani, nayo huharibu mahindi na karanga. Sumu yake huitwa aflatoksini, nayo huharibu ini. Mwaka 2004, huko Kenya katika nchi ya Makueni na Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yaliyowekwa yangali na maji. Katika hao walikufa 125. Mahindi hayo yalipikwa kama kawaida, kwa kuwa moto wa jikoni hauimalizi sumu hiyo.

4. Kazi yenu

Kwa hiyo, yale ambayo mmea hauwezi kuyafanya, yafanyeni ninyi.

Chagueni. Mkisha kumenya, tengeni mahindi yenye ncha nyekundu, yenye unga wa kijani, yaliyooza au kutobolewa na wadudu. Msiyachanganye na mazuri, wala msiyatumie kwa pombe. Msimpe ng'ombe wa maziwa, maana aflatoksini hupita mpaka katika maziwa, na maziwa hunywewa na watoto. Yafukieni mbali na nyumba.

Kausheni. Tandazeni juu ya mkeka au turubai, si juu ya udongo. Mvua ikizidi, yawekeni darini juu ya moto wa jikoni. Mtu aliyevuna upesi kwa kuogopa vita asiyafunge ndani ya gunia yakiwa mabichi, bali ayatandaze mara apatapo kivuli chenye upepo.

Jaribuni kwa chumvi. Twaeni chupa kavu, mtie chumvi kavu kidogo na punje za mahindi, mzibe. Tikiseni vizuri, kisha mngoje robo saa. Chumvi ikigandamana na chupa, mahindi yana maji bado, yarudisheni juani. Chumvi ikianguka chini yote, yafaa kuwekwa.

Lindeni njiani. Zamani za kuchimba kwa mikono huko Bisie, vyakula vilibebwa mgongoni kutoka Njingala, kwa njia ya msitu yenye matope. Mzigo wa namna hiyo hunyeshewa. Gunia likinyeshewa, lifungueni siku ile ile mkaushe. Ni afadhali kupeleka punje kuliko unga, ikiwa kinu kiko karibu na machimbo, maana punje mbovu huonekana, lakini katika unga hufichika. Nanyi wachimbaji wa Rubaya na kwingineko, msishikwe na bei ndogo ya unga unaonuka kuvu. Pesa mnayoiokoa leo mtaitoa kesho kwa mganga.

5. Maswali

Kwa nini mmea huifunga sumu kwa sukari?
Sumu iliyofungwa huwaje ikifika tumboni?
Kwa nini punje iliyo ndani ya gunia haiwezi kujitetea?
Utajuaje kwa chumvi kwamba mahindi yamekauka?
Kwa nini mahindi mabovu hayapewi ng'ombe wa maziwa?

Ajuaye kusoma awasomee wasiojua, hasa wale waendao sokoni kununua unga.