Maji Hayajipaki Rangi: Somo Kutoka Bwawa la Giverny



Vijana wapendwa, leo tunajifunza kuchora bwawa tulivu kwa rangi za mafuta. Hujawahi kushika brashi? Usiogope, somo hili ni lako pia.

Mchoraji Mfaransa Claude Monet alihamia kijiji cha Giverny mwaka 1883. Miaka kumi baadaye alinunua kiwanja ng'ambo ya reli, akatengeneza bwawa na kupanda mayungiyungi. Majirani walilalamika, wakihofia mimea ile ya kigeni ingechafua maji yao. Mwishowe alipata kibali, na bwawa lile akalichora kwa takriban miaka 30, picha kama 250 hivi. Bwawa moja tu! Hivi wewe unaweza kutazama kitu kimoja dakika 10 bila kugusa simu?

1. Tazama maji yanaonyesha nini. Anayeanza hupaka buluu kila mahali, kwa sababu "maji ni ya buluu". Sivyo. Maji yaliyotulia huonyesha kilicho juu yake: wingu, mti, ua. Taswira hushuka wima, chini ya kitu chenyewe. Kwa kawaida kitu cheupe hufifia kidogo majini, na chenye giza hupauka kidogo.

2. Anza na taswira. Rangi ya mafuta hukauka polepole, kwa hiyo una muda. Ikiwa bado mbichi, vuta brashi safi na kavu kutoka juu kwenda chini ili kulainisha kingo. Kisha ipitishe kwa ulalo, mara chache tu. Ukizidisha, mawimbi yatavunja picha yote.

3. Majani ya yungiyungi yaje mwisho. Ya karibu yachore mapana, ya mbali membamba kama mistari. Hayo ndiyo yanayoliambia jicho uso wa maji uko wapi.

Sasa tuje kwetu. Bwawa halina mwanga wake, linapokea wa juu. Sisi vijana mara nyingi tunataka kujipaka buluu wenyewe: picha nzuri, maneno ya kiroho kwenye status, lakini ndani kuna mawimbi. Utakatifu hauji hivyo. Kitabu cha Methali 27:19 kinalinganisha moyo wa mtu na maji yanayoonyesha uso. Jiulize basi: moyo wangu leo unaonyesha uso wa nani?

Monet alikuwa na mtunza bustani wa kusafisha lile bwawa, maana vumbi likitanda juu ya maji, taswira inapotea. Anga lipo palepale, ila maji hayalionyeshi. Ndiyo maana Mama Kanisa anatualika kwenye Kitubio mara kwa mara, si mara moja kwa mwaka kabla ya Pasaka.

Kuna jambo lingine. Mwaka 1912 Monet aligundulika kuwa na mtoto wa jicho, na alifanyiwa upasuaji mwaka 1923. Katikati ya miaka hiyo rangi zilimchanganya kabisa, lakini hakuliacha bwawa. Nawe zitakuja siku utasali usione wala usihisi kitu. Usiondoke. Kaa hapohapo ulipozoea kukutana na Mungu.

Zoezi la wiki: Tafuta maji yaliyotulia, hata beseni uani linatosha. Yatazame dakika 10, uandike rangi tatu unazoziona zisizo buluu. Kisha tenga dakika 10 nyingine mbele ya Ekaristi Takatifu, simu ikiwa imezimwa.

Tuombe: Ee Bwana, tuliza mawimbi yaliyo ndani yangu. Nisafishe, ili wanaonitazama wakuone Wewe. Amina.