Leza na Jicho: Namna ya Kuupima Mtambo na Kukadiria Uoni Utakaopatikana

Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, kama ilivyo kwingineko nchini, neno "leza" limekwisha kuzoeleka masikioni mwa watu. Mwanafunzi asiyeona maandishi ya ubaoni huambiwa kwamba leza itamwondolea miwani. Mzee ambaye macho yake yamefifia hushauriwa auze kahawa au ng'ombe asafiri, kwa kuwa mwanga huo "husafisha macho". Baadhi ya ahadi hizo ni za kweli na nyingine sizo, na tofauti baina yake haitegemei bei ya mtambo. Hutegemea fizikia ya mwanga na sehemu ya jicho iliyoharibika. Katika makala haya tutaeleza mambo hayo mawili, kisha tutaonyesha maswali ambayo familia yapasa iulize kabla ya kutoa fedha zake.

1. Jicho na kosa la fokasi

Mwanga uingiapo jichoni hupindwa kwanza na konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, kisha hupindwa na lenzi iliyo nyuma ya mboni, ili ukutane juu ya retina. Retina ni utando wa nyuma unaopokea taswira, na neva ya jicho huipeleka taswira hiyo kwenye ubongo. Uwezo wa jicho wa kupinda mwanga ni dayopta 60 hivi, na konea peke yake hutoa kiasi cha 43.

Mwanafunzi asiyeona mbali ana jicho lililo refu kupita kiasi, au konea iliyobinuka mno, hata mwanga hukutana kabla ya kufika kwenye retina. Tuseme haoni vizuri kitu chochote kilicho mbali kuliko sentimeta 25, yaani meta 0.25. Kosa la jicho lake ni 1 ÷ 0.25 = dayopta 4. Lenzi iliyo nyembamba katikati, yenye nguvu ya dayopta 4 hasi, huurudisha mwanga mahali pake. Leza ya konea hufanya kazi ileile ya miwani: huipunguzia konea mbinuko wake.

2. Miali mitatu, kazi tatu

Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman huko California, Marekani, tarehe 16 Mei 1960, kwa kutumia fuwele ya rubi. Tangu hapo zimetengenezwa leza za aina nyingi, na kila moja ina urefu wake wa wimbi. Nishati ya fotoni moja, kwa elektroni-volti, hupatikana kwa kugawa 1240 kwa urefu wa wimbi ulio katika nanometa.

(a) Leza ya eksaima hutoa mwanga usioonekana wa nanometa 193. Fotoni yake ina nishati ya 1240 ÷ 193 = 6.4. Kiungo baina ya atomu mbili za kaboni hukatika kwa nishati isiyofikia 4. Kwa hiyo mwanga huu huvunja viungo vya molekuli na kuiondoa konea tabaka kwa tabaka, pasipo kuiunguza. Mwaka 1983 Stephen Trokel na wenzake walieleza jinsi unavyoweza kutumika kwenye konea.

(b) Leza ya kijani, nanometa 532, ina fotoni yenye nishati ya 2.3 tu. Hupita kwenye konea bila kuidhuru, kisha hunyonywa na damu na rangi zilizo nyuma ya jicho na kugeuka joto. Hutumiwa kuchoma sehemu za retina zilizoathiriwa na kisukari.

(c) Leza ya YAG, nanometa 1064, hutoa mapigo mafupi mno, ya muda wa nanosekunde chache. Hutumika kupasua utando unaofanya ukungu baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho. Aidha hutumika kutoboa kitundu katika sehemu yenye rangi inayoizunguka mboni, kwa baadhi ya wagonjwa wa presha ya macho.

Hivyo mtambo ulio bora kwa ugonjwa mmoja haufai kitu kwa ugonjwa mwingine. Mzee mwenye mtoto wa jicho, yaani lenzi iliyopata ukungu, hahitaji leza ya eksaima hata kidogo. Anahitaji upasuaji wa kuondoa lenzi hiyo na kutiwa nyingine ya plastiki. Upasuaji huo hufanywa kwa darubini na mikono ya mtaalamu, na mara nyingi hurudisha uoni mzuri.

3. Hesabu ya konea

Konea ina unene wa nusu milimeta hivi, na wataalamu hupenda zibaki angalau maikrometa 250 zisizoguswa, isije ikalegea na kufura. Katika njia iitwayo LASIK, mganga hukata kwanza kifuniko chembamba, kiasi cha maikrometa 110, hukifunua, hupiga mwanga chini yake, kisha hukirudisha. Kina kinachoondolewa, kwa maikrometa, hukadiriwa kwa kuzidisha idadi ya dayopta kwa mraba wa kipenyo cha eneo linalotibiwa, kwa milimeta, na kugawa kwa 3. Kipenyo kikiwa milimeta 6, kila dayopta hula maikrometa 12.

Mfano wa kwanza: konea ya maikrometa 540, kosa la dayopta 4. Kinachoondolewa ni 48. Kinachobaki ni 540 – 110 – 48 = 382. Hapa pana nafasi ya kutosha.

Mfano wa pili: konea ya maikrometa 470, kosa la dayopta 10. Kinachoondolewa ni 120. Kinachobaki ni 470 – 110 – 120 = 240. Mgonjwa huyu apasa kukataliwa, hata akiwa na fedha mkononi. Kituo kisichowahi kumkataa mtu yeyote si kituo cha kuaminiwa.

4. Kuupima mtambo na kituo chake

Anayetaka kujua ubora wa huduma asiridhike na jina la mtambo wala mwaka wa kutengenezwa kwake. Na aulize haya:

Je, unene na umbo la konea hupimwa kwanza na kuchorwa ramani yake? Je, mtambo hufuata jicho linapocheza, na husimama likitoka mahali pake? Je, nguvu ya mwali hupimwa kwenye kibao cha plastiki kabla ya kazi ya siku? Je, umeme, joto na unyevu wa chumba hudhibitiwa? Fundi wa kuutengeneza yuko wapi, na gesi ya leza hupatikanaje? Kati ya wagonjwa waliotibiwa, ni wangapi walifikia 6/6 bila miwani, na ni wangapi walipungukiwa uoni? Na mgonjwa atakaguliwa mara ngapi baadaye?

Swali la mwisho ni zito kwa mtu atokaye Murongo au Kaisho. Ukaguzi wa kwanza baada ya LASIK hufanywa kesho yake, na mwingine hufuata kwa majuma na miezi. Nauli na malazi ni sehemu ya bei. Tena, kifuniko cha konea chaweza kusogezwa na pigo, hata baada ya miaka. Mkulima anayepogoa migomba na kupasua kuni amweleze mganga kazi yake, kwani ipo njia nyingine isiyoacha kifuniko, ingawa maumivu yake ni makubwa zaidi katika siku za mwanzo.

5. Uoni wa kutarajia

Kanuni moja yafaa ikumbukwe: leza ya konea kwa kawaida haimpi mtu uoni unaopita ule anaoupata kwa miwani iliyo sahihi. Asiyefikia 6/6 kwa miwani bora asitarajie 6/6 kwa leza. Mwenye ulemavu wa ngozi (ualbino), kwa mfano, ana kiini cha retina ambacho hakikukua kikamilifu, na kuichonga konea hakubadili retina. Humfaa zaidi miwani, kikuza maandishi na kiti cha mbele darasani.

Hata anayefaa kutibiwa huenda akapata ukavu wa macho, au akaona duara za mwanga kuzunguka taa usiku. Na afikapo umri wa miaka 40 na kitu atahitaji miwani ya kusomea kama wenzake, kwa sababu lenzi ya ndani hukakamaa.

Mgonjwa wa kisukari au wa presha ya macho hutibiwa ili abakiwe na uoni alio nao. Uoni uliokwisha kupotea kwa kufa neva haurudi. Kwa hiyo ucheleweshaji hugharimu zaidi kuliko nauli: mwenye kisukari akaguliwe retina kila mwaka, hata akiwa anaona vizuri.

Kwa mwanafunzi wa sekondari jibu ni fupi. Jicho lake bado linakua. Wataalamu hungoja atimize angalau miaka 18, na namba ya miwani yake iwe imetulia kwa mwaka mmoja au zaidi. Haki yake kwa sasa ni kupimwa na kupewa miwani, asije akafeli mtihani kwa kutoona ubao.

6. Jaribio la darasani

Toboa kadi nyeusi kitundu cha milimeta 1. Mwanafunzi asome chati ya herufi akiwa meta 6, jicho moja moja, kwanza bila kadi, kisha kupitia kitundu. (Jua lisitazamwe kamwe.) Akisoma vizuri zaidi kupitia kitundu, huenda kosa ni la fokasi, na miwani itamfaa. Asipopata nafuu, huenda tatizo liko kwingine. Kwa hali yoyote, apelekwe hospitali ya wilaya, na akihitaji huduma zaidi aelekezwe Bukoba au hospitali ya rufaa ya Bugando, Mwanza. Jaribio hili si uchunguzi wa kitabibu, lakini hutuelekeza kuuliza swali linalotangulia mengine yote: ni sehemu gani ya jicho iliyo na kasoro?

Mazoezi

1. Mwanafunzi haoni vizuri vitu vilivyo mbali kuliko sentimeta 40. Tafuta nguvu ya miwani yake. Ikiwa konea yake ni maikrometa 500, zitabaki ngapi baada ya LASIK?
2. Pigo la leza ya YAG lina nishati ya jouli 0.002 na hudumu nanosekunde 4. Tafuta uwezo wake kwa wati, na ueleze kwa nini nishati ndogo kiasi hicho hupasua utando.
3. Mzee mwenye uoni wa 6/60 hapati nafuu kwa kitundu. Taja magonjwa mawili yanayoweza kuwa chanzo, na ueleze ni lipi kati yake ambalo uoni wake waweza kurudishwa.