Suali Tuliloulizwa Salgaa

 

Katika safari yetu ya kwenda Eldoret tulisimama Salgaa baada ya Isha. Asiyewahi kupita huko na ajue kuwa Salgaa ni mji mdogo kando ya barabara kuu itokayo Nakuru kuelekea Eldoret, na hapo ndipo madereva wa malori watokao Kilindini kwenda Kampala, Kigali na hata Kongo hupumzika, wakala na wakalala. Wengi wetu twalijua jina la mahali hapo kwa habari za misiba tu, kwani ni katika njia hiyo, karibu na Migaa, ndipo basi na lori vilipogongana alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017, wakafa watu 36. Lakini safari hii si ajali iliyotushughulisha.

Tulipokuwa tukinywa chai alitujia dereva mmoja, mtu wa Mombasa, tuliyesoma naye chuoni kwa mwalimu mmoja tulipokuwa wadogo. (Hapa nasema chuoni kwa maana yetu ya zamani, chuo cha Kurani, huko mbele neno hili litakuwa na maana ya chuo kikuu, msomaji asichanganyikiwe.) Baada ya kuulizana hali akataka kuuliza suali, nalo ni hili. Binti yake wa kwanza yuko mwaka wa pili katika Chuo Kikuu cha Egerton, kule Njoro, si mbali na hapo tulipokaa. Binti amemwomba idhini ahudhurie kikao cha wanawake kitakachofanywa chuoni siku ya Jumamosi, na ajiandikishe katika kundi la wasichana wanaofundishwa uongozi na njia za kutafuta misaada ya masomo na kazi. Baba amekataa. Tena amefikiri kumwondoa kabisa amrudishe nyumbani, kwani amesikia kuwa vikao hivyo huwafundisha wasichana kuwakaidi wazee wao.

"Maalim, hebu tazama nje," akaniambia. "Hawa nao walitoka makwao wakiwa wana wa watu."

Nikatazama. Baina ya malori walikuwa wamesimama wasichana, wengine umri wa wanafunzi wetu wa darasa la jioni, wakingoja waitwe. Jambo hilo la Salgaa linajulikana na limeandikwa miaka mingi, wala halina haja ya kuelezwa zaidi kwa watu wenye haya. Wako pia Salgaa wanawake wanaouza chakula na mboga kwa jasho lao, na si haki kuwatia wote katika kapu moja.

Basi hofu ya ndugu yetu si hofu ya upuzi, na mzazi asiyeihofia heshima ya binti yake ana upungufu. Lakini nalimuuliza: hawa unaowaona wameletwa hapa na kikao gani? Ni mkutano gani wa wanawake uliowafundisha kusimama baina ya malori usiku? Akanyamaza. Mwanamke asiye na elimu ya kumpatia riziki, asiyejua sheria inamlinda vipi, na asiye na mtu wa kumwendea akipatwa na shida, huyo ndiye aliye rahisi kununuliwa. Na vikao anavyovizuia vyakusudiwa, au vyapasa kukusudiwa, kuyaondoa mambo hayo matatu. Amekiona kidonda, lakini anakimbia dawa.

Sasa na tuangalie vikao vyenyewe ni kitu gani, kwani wengi wetu twavihukumu kwa jina lake tu. Katika vyuo vyetu vya Kenya mikutano hii huwa mingi siku za kuelekea tarehe 8 Machi, ambayo ni siku ya wanawake duniani, na tena kuanzia tarehe 25 Novemba mpaka tarehe 10 Desemba, siku 16 ambazo watu husema juu ya kuwapiga na kuwadhulumu wanawake. Humo msichana huelezwa, kwa mfano, kuwa iko Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya mwaka 2006, na kwamba mwalimu au bosi anayemtaka kwa nguvu au kwa kumtishia alama zake za mtihani hana haki juu yake, na mahali pa kupeleka mashtaka ni hapa na hapa. Je, kuna baba wa Kiislamu asiyetaka binti yake alijue hilo? Mimi nadhani hili peke yake latosha kuwa hoja.

Huelezwa pia habari za fedha. Kuna basari, kuna ufadhili wa mashirika, na kuna mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1995. Mkopo huo umekuwa ukitozwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, na suala hilo kwetu ni zito. Wanafunzi Waislamu wamelilalamikia, na mlango wake tutaufungua siku nyingine, inshallah. Lakini tazameni: kwa sababu mkopo una riba ndipo binti wa Kiislamu ahitajipo zaidi kuzijua basari na ufadhili usio na riba, na habari hizo hutolewa katika vikao hivi hivi tunavyomkataza. Halikadhalika Mfuko wa Biashara wa Wanawake ulioanzishwa na Serikali mwaka 2007 umewahi kutoa mikopo kwa vikundi bila ya riba, ingawa kulikuwa na ada ya usimamizi. Na tangu mwaka 2013 Serikali imeweka kando asilimia 30 ya zabuni zake kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Ni wangapi katika mama zetu wa Mji wa Kale au Majengo, wanaoshona na kupika usiku na mchana, wanaoyajua haya? Binti mmoja aliyesikia angewaambia kumi.

Uongozi nao una sheria yake. Sheria ya Vyuo Vikuu ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2016 ilitaka kuwa katika baraza la wanafunzi, mwenyekiti akiwa mwanamume basi makamu wake awe mwanamke, na akiwa mwanamke, makamu awe mwanamume. Kwa hiyo nafasi ziko, na lazima zijazwe. Zikijazwa na wengine siku zote, tusilalamike kwamba hakuna aliyesema neno wakati mtihani ulipowekwa saa ya Ijumaa.

Ajabu ya chuo hiki cha Njoro ni mwanzo wake. Kilianzishwa mwaka 1939 na Mwingereza mmoja tajiri, Lord Maurice Egerton, aliyetoa ekari 740 za ardhi ili pawe na skuli ya kuwafundisha ukulima vijana wa Kizungu. Mwafrika hakuwamo katika hesabu, wala Mwarabu, wala Mhindi. Na mtu huyo alijenga jumba kubwa la mawe karibu na Njoro, likachukua miaka kama kumi na sita kumalizika, na husimuliwa na watu wote wa huko kwamba alikataliwa na mwanamke aliyetaka kumwoa, akachukia, akapiga marufuku mwanamke yeyote asiingie mlangoni mwake. Alikufa mwaka 1958 bila mke wala mtoto. Baadaye chuo kikafunguliwa kwa watu wa rangi zote, na mwaka 1987 kikawa chuo kikuu kamili kwa sheria ya Bunge. Leo jumba lile ni mali ya chuo, wasichana huingia na kupiga picha. Chuo kina taasisi nzima ya mafunzo ya wanawake, jinsia na maendeleo. Na katika miaka ya 2010 mwanamke, Profesa Rose Mwonya, alikikalia kiti cha Naibu Chansela, yaani mkuu wa chuo chote. Mlango uliofungwa na Mzungu kwa ghadhabu umefunguka. Je, sisi tuufunge tena kwa upande wetu, na tuseme ndiyo dini?

Kwani dini yasema nini? Katika Sahihi ya Bukhari imepokewa kuwa wanawake walimwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, wakamshitakia kuwa wanaume wamewazidi katika kumkaribia, wakamwomba awawekee siku yao wenyewe. Hakuwakemea, wala hakuwaambia wakawaulize waume zao. Aliwaahidi siku, akaenda akakutana nao, akawawaidhi na kuwaamrisha. Na alipowaeleza habari ya mama aliyefiwa na watoto watatu kwamba watakuwa ngao yake na Moto, mmoja wao akauliza, je, na wawili? Akajibiwa kuwa na wawili pia. Zingatieni hapa mambo mawili. Kikao cha wanawake peke yao, kwa siku iliyotangazwa, hakikuletwa na Wazungu. Na yule aliyeuliza, lau kama asingekuwapo, au angekuwapo akaona haya kusema, mama wangapi waliofiwa na wawili wangekosa bishara ile?

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui naye, Mwenyezi Mungu amrehemu, alipotoa gazeti lake la Al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932 alihimiza wasichana wasomeshwe, wakati ambapo wazee wengi walichelea kuwa msichana akijua kuandika ataandika barua za mapenzi. Leo hatucheki barua hizo tena, tunacheza wimbo ule ule kwa ngoma nyingine.

Na hapa sina budi kuisema nafsi yangu. Miaka kama kumi na miwili iliyopita mzazi mmoja alinijia na suali lililofanana na hili, na mimi, bila ya kuuliza kikao ni cha nini wala nani anasema, nikamjibu kuwa usalama ni binti akae mbali. Alimtii baba yake, na baba alinitii mimi. Baadaye nikapata habari kuwa hapo ndipo fomu za ufadhili zilipogawiwa, na mwaka wa tatu karo ikawashinda, binti akarudi nyumbani bila ya shahada. Hakuna aliyenilaumu. Kila nionapo mlango wa nyumba yao hukumbuka kuwa nilijibu jambo nisilolijua.

Hatusemi kuwa kila kikao ni chema. Viko vinavyoishia kwa fulana, picha na muziki, na msichana akarudi bwenini hana alichokipata ila soda. Viko ambavyo msemaji wake huisimanga dini mbele ya watoto waliotoka katika nyumba za dini. Hivyo binti mwenye elimu ya dini atavijua, na akiweza atamjibu msemaji kwa adabu, jambo ambalo asiyekuwapo hawezi kulifanya.

Nao wanaoviandaa wana lao la kusikia, ikiwa gazeti letu litawafikia. Binti wa dereva huyu alikosa basari moja mwaka wake wa kwanza kwa kuwa tangazo lilibandikwa mahali wanapokaa wavulana wakicheza bao, na alipolisikia muda ulikuwa umepita siku mbili. Tangazo lenye picha nzuri na maneno makubwa, lisilosema saa ya kuanza na saa ya kwisha, wala nani atasema, wala msichana atapata nini, wala fomu yarudishwa lini, hilo huwafikia wale tu ambao wangekuja hata bila ya tangazo. Msichana mgeni, mwenye buibui, asiyejua mtu, hataki kuuliza. Na kikao kinachoanza baada ya Magharibi kimewafungia mlango wengi kabla hakijaanza. Kiwekwe mchana, iachwe nafasi ya Swala, na tangazo lipelekwe katika mabweni ya wasichana, katika makundi yao ya simu, na kwa jumuiya ya wanafunzi Waislamu, wala lisipelekwe jana yake bali wiki mbili kabla. Hayo hayana gharama.

Dereva alinisikiliza mpaka chai ikapoa. Kisha akauliza kikao hicho cha Jumamosi chaanza saa ngapi na chaisha saa ngapi. Mimi sikujua, wala yeye hakujua, ingawa alikuwa amekwisha kukikataza. Akampigia binti yake simu papo hapo. Chaanza saa tatu asubuhi, chaisha saa nane, na adhuhuri wana nafasi ya kuswali. Akamwambia aende, kwa sharti amwandikie jina la kila msemaji, na kila msaada uliotajwa pamoja na tarehe yake ya mwisho.

Karatasi hiyo imetufikia Mombasa wiki iliyopita, kurasa mbili kwa hati nzuri. Tumeitundika katika ukumbi wa darasa letu, na Alhamisi hii baada ya Alasiri itasomwa kwa sauti mbele ya kina mama. Wenye mabinti vyuoni na waje na kalamu, kwani tarehe ya kwanza iliyomo ni ya mwisho wa mwezi huu.