TRANSFOMA YETU NA MAFUTA YAKE



Tukitembelea vikundi vyenye kisiagi cha stima, tunaulizwa mara kwa mara: lile pipa juu ya nguzo lina kazi gani hasa? Akina mama wa kikundi kimoja walilijua siku lilipokufa. Wezi walikuja usiku wakatoa mafuta. Asubuhi stima ilikuwepo, wakasaga madebe machache, kisha mlio, moshi, na giza. Wiki nyingi mahindi yalibebwa kichwani mpaka soko la mbali, na mkopo wa mota ukawa unadai vile vile.

Basi tujifunze. Stima ikisafiri mbali, sehemu yake hupotea kama joto ndani ya nyaya. Volti zikiongezwa mara 10, mkondo wa kubeba nguvu ile ile hupungua mara 10, na joto linalopotea hupungua mara 100. Ndiyo sababu laini zinazopita vijijini kwetu hubeba volti 11,000 au 33,000. Hizo zikiingia nyumbani zitaua. Transfoma huzishusha ziwe 415 za mota kubwa, na 240 za taa na redio.

Ndani yake mna chuma kilichozungushiwa mafungu mawili ya waya yasiyogusana. Stima ikipita fungu la kwanza, chuma huwa sumaku inayogeuka-geuka, na sumaku hiyo huamsha stima katika fungu la pili. Michael Faraday wa Uingereza alionyesha jambo hili mwaka 1831. Fungu la pili lina mizunguko michache, kwa hiyo volti nazo huwa chache. Hakuna injini, ni kuvuma tu, ndiyo maana wengine hudhani pipa limekaa bure!

Sasa mafuta. Hayachomwi kama dizeli. Hubeba joto kutoka kwenye nyaya mpaka ukuta wa tangi, tena huzuia stima isiruke mahali isipotakiwa. Yakitoka, karatasi zilizofunika nyaya huungua, nyaya zikagusana, na hapo kwisha.

Kuna wanaoyanunua kukaangia chipsi kwa kuwa hayaishi upesi. Jamani, hiyo ni sumu. Baadhi ya transfoma za zamani zilitiwa kemikali ziitwazo PCB, ambazo husababisha saratani. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 uliamua ziondolewe duniani.

Hata transfoma yenye mafuta yake ina kipimo. Ile ya kVA 50 hutoa kama ampia 70 kwa kila waya. Mota ya nguvu za farasi 20 hula karibu 28 ikishakimbia, lakini ikiwashwa moja kwa moja huvuta mara 5 au zaidi kwa sekunde chache. Wenye visiagi viwili kwenye transfoma moja wapatane, wasiwashe kwa pamoja.

Mkiona mafuta yamemwagika chini ya nguzo, zimeni kisiagi kwanza, hata kama foleni ni ndefu. Msipande, msiguse, watoto wakae mbali. Pigieni kampuni ya stima simu, mwambieni na chifu.

La kujadili mkutanoni: ni nani kati yenu anayelala karibu na nguzo, na usiku akisikia watu pale atamwamsha nani?